Magari Mawili, Namba Moja

Saa mbili na robo asubuhi, kwenye yadi ya polisi ya Ipoh, Datsun 120Y mbili zilikuwa zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, na zote mbili zilikuwa AE 3172.

Vibao vya namba havikumshughulisha Inspekta Zawiyah Meor Idris. Kibao unachapishiwa na fundi yeyote kabla kahawa yako haijapoa. Kilichomkunisha kichwa ni namba ya chesisi, ile inayogongwa kiwandani kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Nayo ilikuwa moja kwenye magari yote mawili, tarakimu kwa tarakimu. Gari moja lilikuwa na haki ya jina hilo. Jingine lilikuwa limeliiba. Saa nane mchana faili lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na likishafika huko, gari la uongo lingesagwa kuwa chuma chakavu na fundi aliyelitengeneza angeingia jela.

"Mimi ningekuwa wewe, Afande, ningeshachagua zamani," alisema Koplo Devan huku akimenya karanga. "La manjano. Tazama linavyojiamini."

"Gari halijiamini, Devan. Mwenye gari ndiye anayejiamini. Na maganda hayo usiyatupe kwenye ushahidi wangu."

La manjano lilikuwa la Khaw Beng Lok, tajiri wa Penang mwenye banda la magari kumi na tisa ya zamani. Liling'aa mpaka chini ya matairi. Jeupe, lililochoka, lenye kibao cha herufi L juu ya paa, lilikuwa la Mwalimu Kanagamma, mjane wa miaka sitini na mbili aliyewafundisha kuendesha gari nusu ya watu wa kitongoji cha Menglembu. Devan alikuwa mmoja wao.

"Usije ukanishuku kwa upendeleo," alisema Devan. "Yule mama aliniita bwege mbele ya soko zima, eti nimeingiza gia namba tatu badala ya namba moja."

"Na ulikuwa umeingiza?"

"Afande, tuzungumze kesi."

Kesi yenyewe ilianza kwa jambo dogo. Miezi minne nyuma Tajiri Khaw alikuwa amenunua gari la manjano kwa dalali, pamoja na kadi yake halisi ya mwaka 1976. Alipokwenda ofisi ya usajili kubadilisha jina la mmiliki, karani akamwambia gari hilo lina mwenyewe, liko Menglembu, na kila siku linapanda na kushuka barabara ya sokoni kwa mwendo wa kobe. Mwalimu Kanagamma naye alikuwa na kadi, lakini nakala, iliyotolewa mwaka 1991 baada ya ile ya kwanza kuripotiwa kupotea. Dalali wa Khaw alidai alilinunua gari kwa Ratnam, marehemu mume wa Kanagamma, na marehemu hawezi kuitwa kutoa ushahidi.

Zawiyah alifungua tena ripoti ya mtaalamu wa maabara. Alikuwa ameshaisoma mara nne. Kwenye gari la manjano, ukuta wa injini ni kipande kimoja kizima, haujachomelewa popote. Kwenye jeupe, namba imezungukwa na mshono wa kuchomelea pande tatu, mshono mnene, haujapigwa tupa wala msasa. Upande wa nne, ule wa chini, hauonekani mshono, lakini mtaalamu alikuwa ameandika kwamba bila shaka upo na umefichwa. Sababu yake ilikuwa hii: gari hilo lilipondwa na lori la mawese mwaka 1991 na kuvishwa bodi nyingine, na ingawa amelipitisha sumaku gari zima, hakupata kiungo hata kimoja. Mtu aliyeficha viungo vyote hivyo atashindwaje kuficha mshono wa shibiri moja? Hitimisho: namba ilikatwa kwenye gari lililokufa, ikabandikwa kwenye gari jingine.

Ilikuwa hoja nzuri. Zawiyah aliichukia kwa sababu ilikuwa nzuri.

Tajiri Khaw aliingia yadini saa tatu kasoro, shati la hariri, kitambaa cheupe mkononi. Alifuta vumbi kwenye boneti ya gari lake kabla ya kumsalimia mtu yeyote.

"Inspekta, sijui bado tunasubiri nini," alisema. "Lile pale ni viraka vitupu. Hata kipofu akipapasa atajua."

"Tunasubiri mimi niridhike, Tajiri. Nikuulize. Gari lako limewahi kukatwa mahali? Kuchomelewa? Kubadilishwa sakafu, labda?"

Khaw alicheka kwa pua. "Dada yangu, mimi sinunui viraka. Ukuta ule, sakafu ile, ndivyo vilivyotoka kiwandani. Nimelikagua mwenyewe kwa tochi siku tatu. Rangi imepigwa upya, sawa. Lakini chuma hakijaguswa. Hakuna hata tundu la skrubu lililoongezwa wala kuzibwa."

"Hata tundu la skrubu?"

"Hata moja."

"Utaweka saini maneno hayo?"

"Naweza hata kuyaimba." Akatoa kalamu ya dhahabu. Devan aliandika, Khaw akatia saini yenye mikia mingi, na Zawiyah akaitia karatasi ndani ya faili. Hakujua bado ataifanyia nini. Alikuwa na mazoea ya kukusanya maneno ya watu wanaojisifu, kwa kuwa mara nyingi yalikuja kumsaidia.

Saa tatu na nusu walikuwa Menglembu.

Gereji ya Foo Yoke Seng ilikuwa banda la mabati nyuma ya kiwanda cha karanga, na harufu ya karanga za moto ilikuwa imeingia mpaka kwenye viti. Foo mwenyewe, fundi bodi wa miaka sabini na moja, alikuwa ameachiwa kwa dhamana tangu juzi na tayari ameshika nyundo. Alivaa singlendi na kaptula, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa akinyoosha bawa la gari, lile bati la juu ya tairi, juu ya gogo la mti, akigonga taratibu kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Zawiyah alisimama kumtazama bila kumkatiza. Bonde lenye ukubwa wa sahani lilikuwa likijaa pole pole kutoka kingoni kwenda katikati, na Foo hakuwa akiliangalia. Alikuwa akilipapasa kwa mkono wa kushoto.

"Mzee Foo," alisema hatimaye.

"Inspekta. Koplo. Karanga ziko kwenye kopo."

"Nimekuja kukuuliza tena."

"Uliza. Juzi uliuliza, jana wakauliza. Mimi jibu langu halijapanda bei."

"Ulilifanya nini gari la Mwalimu?"

"Nililibadilisha kofia."

Devan alikohoa karanga. "Kofia! Mzee, lori la mawese lilikaa juu ya lile gari. Nilikuwepo. Lilikuwa limebanwa kama chapati."

"Juu ndiyo. Chini lilikuwa zima." Foo aliweka nyundo chini. "Sakafu nzima. Ukuta wa injini, kutu kidogo tu. Injini, giaboksi, ekseli, usukani, vyote vizima. Nilikata hapa, kwenye vizingiti vya milango, nikatupa paa, nguzo na nyuma yote. Nikaleta paa, nguzo na nyuma kutoka kwenye gari jekundu lililotoka mji wa Batu Gajah. Nikaviunga. Sasa niambie, mtu akibadilisha kofia anabadilisha jina?"

"Ulitakiwa kuripoti."

"Hilo nilikosea. Nilidhani kofia haihitaji kibali."

"Na lile jekundu? Namba yake iko wapi?"

Foo alionyesha ukuta wa nyuma kwa kidevu. Zawiyah alisogea. Kwenye misumari, kuanzia kiunoni mpaka juu ya kichwa chake, vilitundikwa vipande vya chuma ukubwa wa kiganja, kila kimoja na namba ya chesisi, kila kimoja na lebo ya karatasi iliyofungwa kwa waya: tarehe, jina la aliyeliuza, na gari ambalo viungo vyake vilikwenda kulisaidia. Vilikuwa zaidi ya mia. Kila namba ilikuwa imepigwa patasi mara moja katikati.

"Gari likishakufa mkononi mwangu, namba yake haitoki hapa," alisema Foo. "Hao jamaa wa kuuza majina wameshakuja. Wananiita mjomba, wananiletea machungwa. Machungwa nimekula. Namba hawajapata."

Zawiyah alikitafuta kipande cha Batu Gajah akakipata msumari wa kumi na mbili, safu ya tatu. Devan alitoka kwenda kupiga simu kwa aliyetajwa kwenye lebo. Alirudi baada ya dakika saba.

"Kweli tupu, Afande. Anasema gari liliungua injini, alimuuzia Mzee Foo, hati anayo."

Ofisi ngapi za serikali zilikuwa na rejista safi namna ile? Zawiyah alijaribu kuhesabu, akaacha. Alijikuta ameshamheshimu yule mzee kabla hajathibitisha lolote, na hilo halikuwa jambo zuri kwa mpelelezi. Kwa hiyo akauliza swali lililokuwa likimwasha tangu jana.

"Mzee, wewe ni fundi mzuri au mbaya?"

Foo alimtazama kama aliyetukanwa. "Waulize watu."

"Nimewauliza. Mtaalamu wetu amepitisha sumaku gari zima hakupata kiungo chako hata kimoja. Basi kwa nini mshono unaoizunguka namba ni mbaya vile? Mnene, una vinundu. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeweza kuulainisha."

"Mbaya?" Mzee alivua miwani. "Ule ndio mshono wangu wa adabu! Bwana aliyenifundisha kazi alinichapa kwa mpini wa nyundo ili niujue. Karibu na namba hakuna tupa. Hakuna msasa. Hakuna lehemu. Kutu ilikuwa imekula juu yake na pembeni, nikakata kutu, nikatia chuma kipya, nikaacha mshono wazi kama ulivyo. Nikiulainisha pale, wewe polisi utajuaje kwamba namba sikuigusa?"

Siku nne nzima mshono ule ulikuwa ushahidi wa wizi, na kumbe mzee aliuacha makusudi ili aaminiwe. Mwizi ndiye anayelainisha.

"Mtaalamu anasema upande wa nne umeufunika kwa lehemu."

"Hakuna upande wa nne. Chini ya namba sikukata. Chuma kinashuka kizima mpaka sakafuni."

"Twende ukanionyeshe. Pasha moto pale chini. Kama kuna lehemu itayeyuka, kama hakuna itaungua rangi tu."

"Sawa."

"Lakini mwendesha mashtaka atasema labda ile lehemu yako haiyeyuki. Kwa hiyo kwanza utapasha pale penye kiungo cha kweli. Kwenye kizingiti. Tuone inavyoyeyuka, na tuone gari la chini linaishia wapi na kofia inaanzia wapi."

Foo alirudi kwenye gogo lake akaishika nyundo. "Hapana."

"Mzee..."

"Fundi haonyeshi mshono. Miaka hamsini na mbili hakuna aliyeona mshono wangu. Hata wewe na sumaku yako. Kizingiti kile kilinichukua siku kumi na moja. Lehemu ya bati la migodi ya hapa hapa Kinta, nimeipaka kwa kijiti, nimeikwangua kwa mkono. Niuchome mbele ya koplo anayekula karanga? Heri jela."

Zawiyah alijaribu kwa upole, akajaribu kwa sheria, akajaribu kwa ukali. Mzee aligonga bawa lake. Saa tano ikapita.

Aliyemshinda aliingia na termosi ya kahawa mkononi, sari ya kijani imepandishwa vifundoni kwa sababu alikuwa amekuja kwa baiskeli. Mwalimu Kanagamma alisimama mlangoni, akasikiliza dakika moja, akaelewa yote.

"Wee Foo!" alisema. "Nimesikia vizuri? Heri jela?"

"Mwalimu, mambo ya kazi haya."

"Kazi yako au yangu? Wanafunzi kumi na wanne wana mtihani mwezi huu. Leseni yangu ya kufundishia imeandikwa gari lile, halijaandikwa gari lingine. Wakilisaga lile niwafundishe kwa nini, kwa baiskeli hii? Nimwambie mtu akanyage klachi wapi?" Alimgeukia Devan. "Na wewe mtoto wa Muniandy unacheka nini? Bado hujui kurudi nyuma!"

"Sicheki, Mwalimu."

"Ratnam alikuletea gari limekunjamana, watu wote wakamwambia atupe," alimwambia Foo, na sauti ilishuka. "Ukamwambia akuachie. Mpaka anakufa alikuwa akipitisha kidole pale kizingitini kila Jumapili, anatafuta mahali ulipounga. Hakupata. Alikuwa akicheka peke yake kama mwehu. Sasa kama wewe mwenyewe huoni kwamba kazi ile inastahili kutetewa, basi."

Foo aligonga mara mbili, ya tatu akakosa. Akavaa shati.

Saa saba kasoro dakika kumi, watu saba walikuwa yadini: Zawiyah, Devan, Kanagamma, Khaw, mtaalamu wa maabara, mpiga picha, na Foo aliyepiga magoti kando ya gari jeupe na bomba la gesi mkononi. Zawiyah alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa ameingia ndani ya magari yote mawili, akakaa kiti cha abiria kila moja, akainua zulia. Alipotoka alikuwa ametulia kabisa, na Devan, aliyemjua, aliacha kumenya karanga.

Moto ulitoka wa buluu. Foo hakuusogeza karibu. Aliucheza kwenye kizingiti huku na huko, rangi nyeupe ikatoka malengelenge, ikajikunja, na kisha chuma kikaanza kutoa jasho. Tone la kwanza la fedha lilitiririka likadondoka kwenye sakafu ya yadi. La pili likafuata, kisha mstari mzima ukalegea kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Chini yake ukaonekana mshono mwembamba ulionyooka ajabu.

Mtaalamu wa maabara aliinama mpaka miwani ikakaribia kuungua.

"Mimi nilipita hapa," alisema. "Mara tatu nilipita hapa."

"Unaona sasa!" alisema Khaw. "Amekiri mwenyewe. Magari mawili yameshonwa!"

"Tumesikia, Tajiri," alisema Zawiyah. "Mzee, kwangua kidole kimoja chini ya mshono."

Foo alikwangua kwa patasi. Chini ya nyeupe ilitokea rangi ya manjano, ya zamani, imepauka.

"Kidole kimoja juu."

Nyekundu.

"Manjano ndiyo rangi iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaka 1976," Zawiyah alimwambia mpiga picha. "Piga hapo. Nyekundu ni ya Batu Gajah. Sasa twende kwenye namba."

Boneti ikafunguliwa. Foo alipima shibiri moja chini ya namba, akatia kitambaa kilicholowa maji kuikinga namba yenyewe, na moto ukaanza tena. Kanagamma alikuwa ameishika termosi kwa mikono miwili. Rangi ikavimba. Rangi ikakauka, ikawa jivu. Foo aliendelea kupasha muda uleule aliopasha kizingiti, akaongeza mwingine sawa na huo, kisha akazima.

Hakukudondoka tone. Mtaalamu alifuta jivu kwa kitambaa, kisha kwa kidole, kisha akatoa lenzi yake. Chuma kilishuka kizima kutoka kwenye namba mpaka kwenye sakafu, bila mshono.

"Hakuna upande wa nne," alisema polepole. "Namba haijawahi kutoka kwenye gari hili."

"Andika," alisema Zawiyah.

"Ngojeni kwanza," alisema Khaw. "Na langu je? Langu halina mshono hata mmoja!"

"Ndiyo tatizo lake." Zawiyah alifungua mlango wa kushoto wa gari la manjano. "Kaa hapa, Tajiri. Kiti cha abiria. Vizuri. Sasa kanyaga breki."

"Breki iko kule, kwa dereva."

"Soma kadi yako ile halisi. Mstari wa matumizi."

Khaw alitoa kadi. Alisoma mstari ule, midomo ikicheza, na kitambaa cheupe kikamwanguka.

"Imeandikwa kufundishia, tangu siku ya kwanza," alisema Zawiyah. "Gari la kufundishia lina breki ya pili, ya mwalimu, upande huu. Inafungwa kwa bolti nne kwenye ukuta wa injini. Lile jeupe lina matundu manne. Na sakafu yake, chini ya zulia, ina bonde dogo hapa kwenye kisigino. Mwalimu, tafadhali kaa kwenye lako."

Kanagamma aliingia, akavua kandambili, akaweka mguu. Kisigino chake kiliingia kwenye bonde lile kama yai kwenye kikombe chake. Miaka ishirini na miwili ya kuwaokoa watu wasigonge ukuta wa soko ilikuwa imekula chuma.

"Lako lina matundu mangapi, Tajiri? Uliniambia mwenyewe. Hakuna hata tundu la skrubu lililoongezwa wala kuzibwa. Saini yako ninayo, ina mikia mingi."

Mtaalamu hakungoja kuambiwa. Alipaka tindikali kwenye ukuta wa injini wa gari la manjano, juu ya ile namba safi iliyonyooka, na wote wakasogea. Dakika nne zilipita. Kisha chini ya namba hiyo kikaanza kujitokeza kivuli cha tarakimu nyingine, za kale, zilizosagwa zikafutwa na watu waliodhani chuma husahau. Devan alizisoma moja moja kwenye orodha yake ya magari yaliyoibwa.

"Taiping," alisema. "Mwaka 1991, mwezi wa tisa. Liliibwa mbele ya zahanati."

"Mwezi uleule ambao gari la Mwalimu lilikuwa limelala kwenye yadi ya chuma chakavu kule Lahat," alisema Zawiyah. "Wiki tatu, kabla Ratnam hajalipeleka kwa Mzee Foo. Ripoti ya mwaka ule inasema mwenye yadi alidai kadi imepotea. Haikupotea. Chuma aliwarudishia wenye chuma, karatasi akawauzia wezi wa majina. Tajiri, umeibiwa wewe pia. Utanipa jina la dalali wako na mahali anapokunywa chai, na utanipa leo."

Khaw alibaki amekaa kwenye kiti cha abiria cha gari ambalo halikuwa lake. Alitaja jina bila ubishi. Kisha, na hapa Zawiyah alimsamehe mengi, alitoka akaenda kuinama kwenye kizingiti cha gari jeupe. Alitazama ule mshono kwa muda mrefu.

"Mzee," alimwambia Foo, kwa lugha ya heshima sasa. "Nina magari kumi na tisa. Nilidhani najua kazi nzuri ikoje."

"Kumi na nane," alisema Devan.

Saa nane kasoro dakika tano Zawiyah alimaliza kuandika juu ya boneti. Sakafu, ukuta wa injini, namba, injini, giaboksi, ekseli na usukani ni vya AE 3172. Paa, nguzo na sehemu ya nyuma ni vipuri vilivyonunuliwa kihalali. Gari ni lile lile. Fundi aonywe kwa kutoripoti, na gari lipelekwe kukaguliwa ili bodi ya pili iandikwe kwenye kadi. Alisoma kwa sauti, na Kanagamma aliposikia "ni lile lile" alimimina kahawa kwenye kifuniko cha termosi, akampa Foo kwanza, kabla ya polisi. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye zulia la zamani la gari lake. Hakujali.

Foo alikunywa yote. Akafungua boksi lake, akatoa kijiti cha bati na kikwanguo, akapiga magoti tena kwenye kizingiti.

"Hapa hapa?" aliuliza Zawiyah. "Hutaki kulipeleka gereji?"

"Nililiacha uchi, siwezi kulipitisha barabarani hivi."

Alipasha, akapaka, bati likatanda. Alikwangua kwa mkono mmoja na kupapasa kwa mwingine, na mstari ukaanza kupotea mbele ya macho yao, shibiri baada ya shibiri, mpaka hakuna aliyeweza kusema ulikuwa wapi. Wote walitazama, hata mpiga picha aliyekuwa ameshafunga kamera. Alipofika karibu na mlango wa nyuma, mkono ulisimama. Alifikiri. Kisha akazima moto.

"Bado kidogo, Mzee," alisema Devan. "Pale mwishoni. Kidole kimoja."

"Najua," alisema Foo. Alikuwa akifunga boksi, hamtazami mtu. "Hicho ni cha polisi atakayekuja baada yenu."

Kanagamma alikwisha kuwasha gari.